Unyayo wa Mkwe Wangu

Kazi yangu ni viatu, na sehemu ya kiatu niliyoipenda tangu ujanani ni ile isiyoonekana. Watu hutazama ngozi ya juu, ushanga na rangi. Mimi hukigeuza chini juu. Mlangoni mwa msikiti wetu hapa Malindi, watu wanapovua viatu kwa sala ya alasiri, mara nyingi najua nani ameshafika kabla sijaingia ndani. Huyu soli yake imelika upande wa nje. Yule kisigino kimekwisha na mbele bado pazima. Basi huyo hutua kwa kisigino kwa nguvu, na karibuni atalalamikia goti. Mara kadhaa nimemngoja mtu atoke nikamwambia taratibu, "Kesho niletee viatu hivyo." Wengine hudhani najitafutia kazi. Wakishavaa soli mpya husahau.

Hayo nayasema juu ya wanaume. Wanawake sikuwa nikiwasoma hivyo. Nililelewa katika chuo cha Kurani na maalimu aliyetufunza kuinamisha macho, kisha nikaja kuchagua kazi ambayo ukiinamisha macho ndipo hasa unapoiona miguu. Mola ana hekima zake. Ikawa ndiyo ada ya banda langu: mwanamke hupimwa na bibi yangu, mamake mwanangu, ndani, kwenye mkeka. Huketi, huweka mguu juu ya karatasi, bibi yangu huzungusha kalamu, na karatasi huletwa nje kwangu. Nimeshona makubadhi ya maharusi wengi kwa njia hiyo, na hakuna aliyerudisha.

Kiangazi kilichopita, mkwe wangu alianza kuchechemea. Yeye ni mamake mke wa mwanangu, mjane wa Kigiriama, Mkristo asiyekosa kanisani Jumapili. Anakaa Gongoni na hufanya kazi ya chumvi. Maji ya bahari yakishakauka katika vidimbwi, yeye na wenzake hukwangua chumvi, huijaza kwenye makarai, na kuibeba kichwani hadi kwenye lundo. Hufanya hivyo tangu asubuhi hadi jua linapoinama, ndani ya mabuti ya mpira yenye soli bapa kama ubao.

Kisigino cha kulia kilimuuma aliposhuka kitandani, kikamuuma tena jioni. Zahanati walimpa dawa ya maumivu, wakamwambia apumzike. Mnyapara alimwambia jambo jingine: uvunaji mkubwa ulikuwa umebakiza wiki tatu, na mtu atakayekuwa bado anachechemea siku ile, nafasi yake atapewa mwingine.

Mwanangu alitaka kumchukua akae kwake. Mkwe alikataa.

"Mimi sina ugonjwa, nina kisigino," alimwambia bintiye kwa simu. "Siku nitakayokaa kwa mume wa mwanangu nikingojea sahani, hiyo ndiyo siku niliyokwisha."

Ndipo mkazamwana wangu, yule bintiye, akaja bandani, akasema, "Baba, mfanyie mama kitu cha kutia ndani ya mabuti."

Mkwe si mtu wa kutazamwa miguu. Kwetu hupishwa njia, na kwao heshima hiyo ni nzito zaidi. Mimi naye husalimiana kwa mbali, huyu akitazama mnazi, yule akitazama kuku. Kwa hiyo nilifanya kama nilivyozoea. Mkazamwana alikwenda Gongoni na karatasi, akamketisha mamake, akachora. Nilipoupata mchoro nikakata soli ya ndani ya tabaka tatu za sponji ya godoro, nikafunika kwa ngozi laini ya mbuzi. Nilipoibonyeza kwa kidole gumba, kidole kilizama. Nilijisifu moyoni, na Mungu anisamehe.

Mkazamwana alimpelekea, na siku ya tano simu ililia.

"Mkwe, umenitilia mto ndani ya buti."

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Usishukuru. Mto ni wa kulalia. Mimi nina karai la chumvi kichwani! Mguu wazama, kifundo chayumba, vidole vimebanwa mbele kama dagaa kwenye kopo. Kwanza kilikuwa kisigino, sasa hata goti limeamka."

Nilimwomba radhi. Akasema hana kinyongo, ila zimebaki siku chache. Bibi yangu alikuwa akichambua mchele karibu nami, na simu yangu ina sauti kubwa.

"Wewe hujapima mguu," akasema bila kuinua uso. "Umepima karatasi."

"Mbona maharusi hawakulalamika?"

"Bibi harusi hutembea wapi? Kutwa amekaa, apambwa, atazamwa!"

Nilicheka, lakini usiku ule nilikuwa mtu aliyefedheheka. Mguu wa mtu aliyeketi ni mguu uliolala. Ukisimama huamka, hurefuka, hupanuka. Ukibebeshwa mzigo huwa mwingine kabisa. Nilikuwa nikilijua hilo kwa wanaume siku zote, kwa kuwa niliona soli zao zilivyolika. Kwa wanawake haya yangu ilinifumba macho, nami nikaiita heshima.

Asubuhi nilimkodi mwendesha pikipiki wa mtaani kwetu, baba wa watoto watano, anipeleke Gongoni. Nilichukua kipande cha bati, panga na gunia. Njiani nilikuwa nimeshaona namna ya kuupima mguu wa mkwe bila kuutazama.

Kandokando ya vidimbwi vya chumvi kuna tope la kijivu, gumu kiasi, lisilosahau kitu. Nilimwomba mkwe avue mabuti, apite juu ya tope mara mbili, kwanza mikono mitupu, kisha na karai lililojaa. Mimi niligeuka nikampa mgongo.

"Tayari, mkwe," akasema alipokwisha kuvaa. "Nimepita kama mwali."

Niligeuka, nikachutama. Unyayo wa kwanza ulikuwa kama mchoro wa karatasi. Wa pili ulikuwa mrefu zaidi kwa nusu kidole na mpana zaidi kwa kidole kizima. Kisigino kilichimba upande wa nje. Vidole vilikuwa vimetawanyika, na kidole gumba kilikuwa kimezama kuliko vyote. Niliviangalia vidole vile kwa muda mrefu. Vilikuwa kazini. Karai lilipoyumba kichwani, vyenyewe ndivyo vilivyoshika ardhi, na mimi nilikuwa nimevisonga kwa sponji.

Nikashika panga nianze kuukata ule unyayo wa pili na tope lake, niuweke juu ya bati. Hapo ndipo makarai yaliposimama.

"Mzee! Wamfanya nini mama wa watu?"

"Unyayo wa mtu hauchukuliwi!"

Wanawake kama kumi walikuwa wameacha kazi. Mnyapara naye alikuwa anakuja kwa hatua ndefu. Nikaelewa, na nikashangaa kwamba sikuelewa mapema. Mchanga wa unyayo wa mtu ndio wanaosema huchukuliwa na mwenye nia mbaya apate kumroga. Nami ni mzee mwenye mvi, mgeni mahali pale, nina panga mkononi. Katika pwani yetu hii wazee wamefukuzwa majumbani mwao kwa tuhuma ndogo kuliko hiyo. Nilisoma dua nilizokumbuka kimoyomoyo, wala sikuthubutu kuinuka.

Mkwe alitua karai lake. Alikuja akichechemea, akanitoa panga mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu watoto wetu waoane akanitazama usoni.

"Sogea, mkwe."

Akaukata unyayo wake mwenyewe, pande nne, akaupenyezea bati chini, akauinua juu wote wauone.

"Nautoa mimi," akasema kwa sauti. "Mchana, mbele yenu, na mnyapara ni shahidi. Huyu ni fundi viatu, baba wa mkwe wangu. Anitengenezea kisigino. Nikifa, nimekufa kwa tope langu mwenyewe, msimguse mtu."

Kisha mwanamke mmoja mnene akapaza sauti kutoka nyuma, "Basi na wa mume wangu auchukue, sitadai urudishwe!"

Walicheka mpaka mnyapara akacheka. Aliutazama unyayo, akautazama mguu wa mkwe, akasema tu, "Siku zimebaki tisa, mama."

Tuliufunika kwa gunia lenye maji usipasuke. Nilirudi Malindi nimeupakata, na mwendesha pikipiki alipunguza mwendo penye kila shimo.

"Mzee, tupitie polisi?" akaniuliza. "Maana huo ni ushahidi."

Bandani niliumiminia plasta, ile nyeupe ya mafundi wa dari. Ilipokauka nikaosha tope, nikabaki na wayo wa mkwe wangu, mweupe, kama ulivyokuwa chini ya karai la chumvi. Bibi yangu aliuzunguka.

"Sasa waweza kumtazama," akasema.

Nilitazama kweli, siku mbili. Sponji ya godoro niliiweka kando. Nilichukua soli za kandambili kuukuu, ambazo sponji yake ni ngumu na hairuhusu mguu uzame, nikazipasua ziwe tabaka. Kwenye kisigino nilichonga kikombe chenye ukingo, ili nyama ya kisigino ikae pamoja isitawanyike. Pale penyewe panapouma nilitoboa tundu, nikalijaza kipande laini. Chini ya uvungu wa wayo niliweka kilima kidogo, cha kuugusa tu, si cha kuusukuma. Mbele niliacha tabaka moja nyembamba, nikaikata mistari upande wa chini ili ikunjike mahali mguu unapokunjika. Gundi huliwa na chumvi, kwa hiyo nilishona kwa uzi wa nailoni. Mabuti nilimwambia anunue makubwa kwa namba moja, vidole vipate kutawanyika.

Zamani nilidhani kiatu chema ni kile kilicho laini. Siku zile nilijifunza kwamba ulaini ni wa pale mguu unapogonga chini, na ugumu ni wa pale unapobeba, na pale unapojikunja wenyewe fundi asiweke kitu cha kuuzuia, kana kwamba amfunza Mola kazi. Nimeshika shazia, sindano yetu ya ngozi, miaka yote hii, na somo hilo nililipata kwenye tope.

Soli ya kwanza ilirudishwa. Ukingo wa kisigino ulikuwa mrefu, ukamtoa lengelenge. Niliupunguza. Ya pili alikaa nayo siku tatu bila kupiga simu. Niliogopa kumpigia mimi.

Siku ya uvunaji sikufanya kazi yoyote ya maana. Nilipanga misumari kwa ukubwa. Baada ya adhuhuri nilianza kushona kamba ya ndara, nikagundua nimeishona upande wa nyuma, nikaifumua. Simu ya mkwe ilikuwa imezimwa. Bibi yangu alisema watu hawabebi simu na karai. Nilisali alasiri, nilisali magharibi, na katika dua zangu nilimtaja mwanamke wa dini nyingine pamoja na kisigino chake, nikiamini kwamba aliyeuumba mguu ule ni mmoja.

Simu ililia nikiwa bado kwenye msala.

"Mkwe."

"Naam, mkwe. Nakusikia."

"Nimesimama tangu alfajiri. Nimebeba mpaka lundo likafungwa."

"Na kisigino?"

Nikasikia nyuma yake wanawake wakipigishana kelele na maji yakimwagwa.

"Kinauma," akasema. "Lakini kinauma kama cha wenzangu wote. Mnyapara amenipanga kesho."

Nilimwambia tu alale, ainue miguu juu ya kitu. Akasema atafanya hivyo, kwa kuwa sasa ule mto wangu wa godoro umepata kazi. Simu ilipokatika nikasujudu pale pale, na nilipoinua kichwa bibi yangu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ushungi wake, akingoja nimwambie alichokwisha kukisikia.