Punje Kumi za Mama Wambura

Siku niliyokwenda harusini Kiriba ndiyo iliyonifundisha kazi, mwanangu, kuliko miaka yote niliyokaa nikimtazama shangazi akikanda watu. Sikiliza, maana hata leo nikisimulia moyo unanidunda!

Nilikuwa binti bado, fundi wa migongo pale Makoko. Shangazi Nyangeta ndiye aliyenifundisha kukanda na kunyoosha viungo. Ilikuwa miaka ile ya shida: sabuni kwa foleni, mafuta hayaonekani, tunakandia samli aliyoletewa shangazi kutoka Butiama. Mimi nilikuwaga napenda mlio. Nikimgeuza mtu, mgongo ukilia "kwa!", namuuliza, "Umepona?" Anajibu, "Nimepona." Basi natembea kifua mbele. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mama Wambura, mkulima wa Kiriba, alinijia mara tatu, na mara zote akasema amepona. Siku hiyo ya harusi nikapita kumsalimia. Nikamkuta shambani, anapalilia muhogo kwa magoti, anajivuta kama mtoto anayetambaa.

"Mama, si ulisema umepona?"

Akacheka kwa aibu. "Mwanangu, ulinipaka samli na watu hawana hata ya kuungia mboga. Ningesemaje sijapona?"

Nilirudi nimenywea. Shangazi hakunifokea. "Uliomba sifa, ukapewa sifa," akasema. "Muulize mtu kazi inayomshinda."

Mama Wambura alipokuja tena, shangazi akamwekea punje kumi za mahindi mkekani. Asipoweza jambo kabisa, asichukue hata moja; akiliweza kama zamani, achukue zote. Mama alitaja mambo matatu. Kuinama kupalilia: punje mbili. Kujitwika ndoo kutoka ziwani: moja. Kulala hadi asubuhi: tatu. Nikaandika nyuma ya kalenda, madaftari yalikuwa adimu.

Nikaendelea na mlio wangu. Baada ya wiki mbili shangazi akauliza maswali yaleyale, mimi nikiwa nje ili mama asinionee haya. Mbili, moja, tatu. Makelele yangu yote hayakusogeza hata punje!

Lakini kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Tukaacha kumgeuzageuza. Tukamfundisha kutembea kila siku, kukunja magoti anapoinua kitu, kujinyoosha taratibu. Wiki mbili nyingine: nne, tatu, tano. Mwanangu, niliruka! Mara punje za ndoo zikawa saba. Halafu asubuhi moja tulipokwenda Kiriba kumtazama, nikasikia anaita njiani, "Nyie! Njooni mnione!" Anapanda kutoka ziwani, ndoo kichwani, mkono kiunoni, anacheka. Shangazi alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Alikuwepo pia mchimbaji wa dhahabu wa Buhemba ambaye punje zake zilipungua, mguu ukaanza kufa ganzi. Kwa kuwa tuliandika, tuliona mapema, tukampeleka hospitali. Leo anatembea.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sawa, uji mpe. Lakini mgongo ni wake, muulize! Muulize anachoshindwa kufanya, uandike kabla hujamgusa, urudie swali lilelile bila kumwekea jibu mdomoni. Jibu likiwa baya, usinune; badilisha njia, au mpeleke kwa anayejua zaidi.

Mungu akujalie mikono laini na masikio mepesi. Wanaokujia wamepinda, waondoke wima.