Mfuko Mwekundu Haufunguliwi

Kazi yangu ni kuchoma taka za mji. Nasema hivyo mbele ya mtu yeyote, hata kanisani. Nilisoma mpaka darasa la tatu, baba akasema inatosha, lakini hakuna mwenye diploma anayelijua tanuri letu kama mimi. Wanakuja vijana wa kaunti na kofia zao ngumu, wananiuliza, "Mathe, leo liko aje?" Nawaambia waangalie juu ya bomba. Moshi mweusi, mtu amelishindilia chakula kingi au amelinyima hewa. Moshi mweupe, ametia taka mbichi. Usipoona kitu ila hewa inayotetemeka, kama juu ya lami saa saba mchana, hapo linakula vizuri.

Taka huletwa asubuhi kwa trekta na mikokoteni, zinamwagwa kwenye sakafu ya simiti. Tunachambua mimi na mwenzangu, mama mmoja mnene ambaye mdomo wake ni mrefu kuliko reki yake. Matumbo ya samaki na maganda ya ndizi yanaenda shimo la mbolea, maana maji hayachomeki. Chupa na vyuma kando. Mikebe ya dawa ya mbu unaitafuta mpaka uipate, kwa sababu mmoja uliwahi kutuponyoka ukalipuka humo ndani, mlango ukapinda. Nepi zimelowa, kwa hiyo tunazichanganya na makaratasi na magunzi ya mahindi.

Tanuri lenyewe ni vyumba viwili, kimoja juu ya kingine. Chini ndiko taka zinakoungua. Moshi wake unapanda chumba cha juu, na huko kuna moto mwingine, wa dizeli, ambao kazi yake ni kuuchoma huo moshi. Watu hawaamini nikiwaambia kwamba moshi nao huchomwa. Unaanza kuwasha juu, unangoja mshale wa kipimo cha joto ufike alama, ndipo unawasha chini. Ukianza chini, mji mzima unakohoa. Halafu kuna feni ya kusukuma hewa, na hiyo unaiongeza na kuipunguza ukiutazama mshale. Mlango ukishafungwa haufunguliwi mpaka moto ulale.

Na kuna mifuko myekundu. Hiyo inatoka kliniki ya akina mama: bandeji, pamba, damu. Tangu shimo lao wenyewe lijae, makondo ya nyuma pia yanakuja humo. Mfuko mwekundu haufunguliwi. Unaushika shingo, unauweka katikati ya taka kavu, unaendelea na kazi. Miaka yote hiyo sijafungua hata mmoja, na hiyo ni sifa yangu.

Kondo la nyuma sisi tunaliita biero. Mtu akikuuliza biero yako iko wapi, anakuuliza wewe ni wa wapi. Inazikwa nyumbani, na mahali ilipozikwa hakuna wa kukuambia hama. Nilijua hayo yote, na bado niliyachoma ya watu. Nilijiambia wenyewe wameyaacha.

Sasa, mjukuu wangu. Nimemlea tangu binti yangu afe akamwacha ananyonya. Alipomaliza sekondari nilizunguka soko lote na karatasi ya matokeo yake, mpaka wauza omena wakaniambia nikae chini. Kisha mchimba dhahabu mmoja wa Migori, huko huko kwetu nilikozaliwa, akampa mimba, na simu yake ikazima. Mtoto angezaliwa bila boma la baba.

Boma letu liko Rusinga, na mkubwa wake ni shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu. Ananiita Nyar Migori, yaani binti wa Migori, kama wanawake walioolewa wanavyoitwa kwa walikotoka. Aliliangalia tumbo la msichana akaniuliza, "Nyar Migori, huyo akizaa mvulana, utampanda wapi?"

"Nitampanda hapa."

"Hapa ni pa nani?"

Nilichukua jembe siku hiyo hiyo nikachimba shimo kati ya jikoni na zizi la mbuzi, mkono wangu ukizama mpaka begani, nikalifunika kwa bati. Nikanunua ndoo yenye kifuniko. Nikamwambia msichana, "Ukijifungua, kabla hujaomba chai, omba biero. Sema dani anakuja kuichukua." Dani ni mimi, nyanya yake.

Uchungu ulimjia wiki mbili kabla ya siku tulizohesabu. Mimi nilikuwa nimeshaondoka alfajiri kwenda kazini. Jirani alimpakia kwenye pikipiki, na akazaa haraka, kama mama yake. Simu yangu huwa naiacha ndani ya viatu nilivyotoka navyo nyumbani, kwa sababu majivu huua simu. Iliita huko viatuni, mimi niko kwenye sakafu nachambua nepi.

Mkokoteni wa kliniki ulileta mifuko minne. Mmoja ulikuwa mzito na bado una joto. Nikamwambia mwenzangu, "Kuna mtu amezaa leo."

Akasema, "Na kuna mwanamume amekimbia leo."

Tulicheka. Niliuweka katikati, nikazungushia magunzi, nikafunga mlango, nikashusha komeo. Moto ulishika vizuri. Juu ya bomba hakukuwa na kitu.

Nilipokwenda kunywa uji ndipo nikaona simu. Nikampigia.

"Dani, ni kijana."

"Mko salama?"

"Tuko salama. Nilitokwa na damu, nikazimia kidogo. Dani, nilipoamka niliomba biero. Sista akasema imeshatoka na taka."

"Ilitoka saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

"Haya," nikasema. "Kunywa chai."

Mwenzangu alikuwa amesikia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliuliza polepole, "Nizime feni?"

Nilifikiri jinsi tanuri linavyofanya kazi, kwa sababu hicho ndicho kitu ninachojua. Ukizima feni moto haufi. Unazubaa, na moshi wake unashukia watu sokoni. Ukifungua mlango, ndimi za moto zinatoka kukufuata. Na hata ningefika ndani, ilikuwa mifuko minne, na plastiki ndiyo inayotangulia kuisha.

"Acha," nikamwambia.

Mshale ulikuwa umeanza kushuka kwa vile nilikuwa nimesimama tu. Nikaongeza hewa. Hapo ndipo watu hawapendi nikisimulia, kwamba niliongeza hewa. Lakini taka zilikuwa nusu, na moto ukiachwa nusu ni uchafu mara mbili. Nililisimamia mpaka likalala. Sikulia. Nilikuwa nikiifikiria ile ndoo, kwamba sikuwa nimebandua karatasi ya dukani kwenye kifuniko chake.

Jioni nilikwenda kliniki. Mtoto alikuwa mwekundu, ana nywele nyingi. Nikamwambia mama yake bila kuzunguka, "Nimeichoma mimi. Mikono yangu hii."

Aliiangalia mikono yangu kwa muda. Kisha akauliza, "Umenawa?" maana alikuwa anataka kunipa mtoto.

Kesho yake nilikwenda kazini na ndoo. Majivu yakishapoa unayanyunyizia maji yasipeperuke, unayavuta kwa chuma kirefu, unachagua misumari na waya, yanayobaki unayatia kwenye shimo la simiti lenye kifuniko. Niliyavuta. Yote yalikuwa rangi moja. Nepi za mji mzima, magunzi, biero ya kitukuu wangu na za wengine, zote kijivu, na vipande vya kioo vilivyoyeyuka katikati. Nilisimama na ndoo. Kisha nikayamwaga yote shimoni, nikafunga, nikarudi nyumbani na ndoo tupu.

Shemeji alikuja kumwona mtoto. Alimshika vizuri, sitamsingizia. Halafu akauliza, "Biero iko wapi?"

"Iko mjini. Kwenye shimo la majivu."

"Nani aliipeleka huko?"

"Mimi."

Akanirudishia mtoto. "Basi huyu ni mtoto wa manispaa. Wamtafutie ploti." Akiwa mlangoni akageuka. "Na lile shimo lifukie, Nyar Migori, kabla mbuzi hajavunjika mguu."

Sikulifukia. Mvua ilinyesha, maji yakaingia chini ya bati. Kila nikienda kuwasha moto jikoni nililipita. Nilikula, nililala, nilienda kazini, na mwenzangu aliongea kidogo kuliko kawaida. Sikuwa na uchungu. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Siku ya nane kitovu cha mtoto kilidondoka. Msichana aliniita chumbani, akafungua kitambaa. Kilikuwa kidogo, cheusi, kimekauka kama omena wa juzi.

"Dani," akasema, "hiki je?"

Nilikwenda kumwita shemeji. Kitu ambacho mkubwa wa boma hakukiona kwa macho yake, kesho hukikana. Alikuja na fimbo yake. Nikaondoa bati, nikayateka maji, nikakiweka kitovu chini na kitambaa chake.

"Hako kadogo?" akauliza.

"Hako."

"Shimo ni kubwa."

"Tutalijaza."

Alisimama. Msichana alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni na mtoto kifuani. Shemeji akasukuma udongo kwa mguu, mara moja, ukaanguka juu ya kitambaa. Kisha akaenda kufungulia mbuzi. Tangu siku hiyo hajauliza tena huyo mtoto ni wa wapi.

Nililijaza peke yangu. Udongo niliochimbua haukutosha, sijui ulienda wapi. Niliongeza mwingine wa bustanini, nikakanyaga, nikanawa.

Kesho yake mkokoteni wa kliniki ulileta mifuko mitatu, mmoja mzito. Niliushika shingo. Nikamuuliza mwenye mkokoteni kama mama mwenye biero ameulizwa. Akasema yeye kazi yake ni kusukuma tu. Nikaurudisha juu ya mkokoteni wake.

"Rudi ukaulize," nikamwambia.

Alinung'unika mpaka barabarani. Mwenzangu akawasha moto wa juu, nasi tukakaa kungoja mshale.