Maneno ya Chini ya Ukurasa

Wallahi, bado nina hasira. Bi Zuwena wa Malindi alinipa mswada wa tiba wa marehemu mumewe, nakala pekee, niusahihishe kabla haujapelekwa Bombay kupigwa chapa. Chini ya kila ukurasa paliandikwa neno, na neno lile lile likaanza ukurasa unaofuata. Mwandishi gani huyu, kila ukurasa anasinzia? Mimi, msomi wa skuli, niliwaza siku tatu, kisha nikayakwangua yote ya chini kwa kisu.

Jana, nikimkabidhi, upepo ukazitawanya karatasi barazani.

"Usihangaike, mwanangu," Bi Zuwena akacheka. "Hazina namba, lakini neno la chini ndilo linalotwambia ukurasa upi unafuata. Haya, nisomee."

Sasa ndiyo ananiambia! Nikaitazama karatasi mkononi. Chini palikuwa peupe.