Masikio ya Mpagazi

Khairat binti Munir hamwamini mtu. Nimekaa naye jirani hapa Miyuji tangu watoto wetu wakiwa chekechea, na mpaka leo nikimrudishia kikaangio chake lazima akigeuze akikague chini, asije akawa amerudishiwa kingine.

Anauza vitumbua na chai langoni mwa bustani yenye ile sanamu ya shaba, mwanamume aliyebeba gunia begani. Iliwekwa miaka ile mji ulipotangazwa kuwa makao makuu, kuwakumbuka wapagazi wa misafara ya zamani. Kwa wapita njia ni sanamu tu. Kwa Khairat ni baba yake. Munir alifariki binti akiwa bado ananyonya, wala hakuacha picha hata moja. Alipopata akili kidogo, mama yake alimshika mkono akampeleka bustanini, akamwambia kuwa mchongaji alimtumia baba yake kama mfano, sura ile ni yake. Ukoo wao ni wa watu waliokuja na misafara, kwa hiyo nani angebisha?

Kitu kimoja tu hakikukaa sawa. Ndewe za masikio ya sanamu zimetobolewa na kuvutwa mpaka zinaning'inia, kama za wazee wa Kigogo wa zamani. Mama yake alisema hapo mchongaji alikosea. Basi kila Ijumaa asubuhi Khairat humpangusa baba yake kwa kanga iliyoloweshwa, miguu, gunia, uso wote, ila masikio huyaruka.

Mwaka jana, mvua zilipokwisha, akaanza kuona mafuta. Kila Jumatatu masikio yale yalikuwa yanang'aa. Alinusa, akatambua mafuta ya nyonyo, na kuanzia hapo mji mzima ukawa mtuhumiwa. Alianza na mtunza bustani, akaja kwa wanafunzi wa chuo, kisha mchawi asiyejulikana aliyetaka kummaliza kwa kupitia marehemu. Zamu yangu nayo ilifika, eti kwa sababu nilisifu sanamu inavyopendeza. Nilinuna wiki nzima, sifichi.

Jumapili moja akaja kuniambia kwamba leo anamkamata, na anataka shahidi. Nilikwenda ili aone kwa macho yake kuwa si mimi. Tulijibanza nyuma ya miti ya miashoki. Watu walipotoka kwenye ibada ya kwanza, akaja mwanamume mwenye suti ya kahawia na Biblia kwapani. Akatoa kichupa mfukoni, akapanda kwenye jukwaa la sanamu, akaanza kuyapaka masikio taratibu huku akisema nayo Kigogo. Nilipogeuka, Khairat hakuwa tena pembeni yangu.

"Unamfanyia nini baba yangu?"

Mtu yule alishuka, akatusalimia kwanza. Akasema anaitwa Elieza, amehamia Msalato mwaka huohuo kutoka Mtera, analima zabibu. Kisha akasema bila ukali, "Dada, huyu ni baba yangu mimi."

Khairat alimwita mwongo, akamwita mchawi, akamwita na jingine ambalo sitaliandika. Elieza akatoa simu. Ndani mlikuwa na picha ya zamani: kijana amesimama na gunia begani, ndewe zinaning'inia, na kando yake mchongaji, mikono imejaa udongo, na sanamu ya udongo iliyokwisha kufinyangwa mpaka kifuani. Elieza alieleza kwamba ndewe za namna ile hupakwa mafuta zisikauke, na mzee wake mpaka anafariki, kumpaka ilikuwa kazi yake yeye.

Khairat aliikuza picha kwa vidole viwili. Pua ni ile. Kidevu ni kile. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, kwa jinsi alivyonidhania, lakini kicheko kilinikauka.

"Basi baba yangu alikuwa na sura gani?" akauliza, na alikuwa ananiuliza mimi.

Niliichukua simu mkononi mwake, nikamrudishia mwenyewe. Elieza alitazama chini, halafu akamwambia Ijumaa zake asiziache, mzee alipenda kutembelewa.

Wiki ile hakuuza vitumbua, nami nikajua amekwisha kuachana na sanamu. Ijumaa nilipita bustanini. Nilimkuta juu ya jukwaa, kanga imelowa mkononi, wala hakunisikia nikimsalimu. Alikuwa ameanza na masikio.