Mtu wa Baiskeli Niliyemkata Pichani

Bado naona haya kuyasema haya. Mwalimu mkuu wetu hapa Tororo, Mama Nabwire, aliyetuongoza kwa miaka mingi, alikuwa anastaafu. Nikajitolea kumtengenezea ukurasa wa albamu. Nilinunua karatasi za maua Busia, na binti yake akaniazima picha kwa siri. Katika moja, Mama alikuwa msichana, na kando yake mwanamume ameshika baiskeli. Nikadhani ni mpita njia. Nikamkata kwa mkasi, kipande nikakitupa motoni, nikajisifu kwa ufundi wangu.

Siku ya kuagana, Mama alitabasamu, kisha kidole chake kikasimama ukingoni mwa picha.

"Mwalimu, hapa alikuwepo marehemu mume wangu. Picha yake ni hii tu. Kipande umekiweka wapi?"

Walimu wote wakanigeukia. Ikabidi nimwambie.