Plagi ya Njano

Gereji nzima walimwita Profesa, kwa sababu hakushika spana. Alishika mashine ya kupimia, akaichomeka chini ya usukani na kusoma gari linaumwa wapi. Wateja wengi hawakutaka gari lipone. Walitaka taa ya dashibodi izimike. Naye, kama mafundi wenzake, alijifunza kuizima: unafuta kosa kwenye kompyuta, unasema, "Ikirudi, niletee."

Mwezi wa tatu, mume wa dada yake mkubwa alileta gari lililowasha taa ya mifuko ya hewa, ile inayofumuka kumkinga mtu gari likigongwa. Mashine ilielekeza kwenye plagi ya njano chini ya kiti cha dereva. Ilikuwa imelegea, dawa yake ni kuikata na kuunganisha nyaya upya. Shemeji alikuwa na haraka, akamtania kwamba maprofesa hutafutia wasioumwa ugonjwa. Wakacheka. Profesa akaitikisa plagi, akafuta kosa, taa ikazimika.

Mwezi wa tano, lori liligonga gari la shemeji ubavuni kwenye makutano ya barabara. Mfuko wa pembeni haukufunguka.

Wiki mbili baada ya maziko, mabaki ya gari yalivutwa hadi gereji, na dada akayafuata kwa miguu. Watu walikuwa wamemwambia kazi ya Mungu haina makosa. Alikubali. Ila alitaka kusikia na neno la kompyuta.

Profesa alichomeka mashine. Kosa lilelile, plagi ileile. Chini yake ziliandikwa kilomita gari lilizotembea tangu kosa lifutwe. Dada alikuwa ameinama begani kwake, akitazama maandishi asiyoweza kuyasoma. Kitufe cha kufuta kilikuwa chini ya kidole gumba. Angekibonyeza, aseme ni ubovu wa kiwandani, na pasingebaki shahidi.

"Dada," alisema, "hii niliiona. Niliitikisa tu, nikafuta."

Dada aliitazama skrini mpaka ikafifia.

"Kuitengeneza kungekuchukua muda gani, mdogo wangu?"

"Nusu saa."

"Na yeye alikuwa anakimbilia wapi siku hiyo?"

Ilibidi akumbuke. "Kwa kinyozi."

Dada aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akaokota mkoba wake, akapita katikati ya mafundi walioacha kugonga vyuma, akashika barabara. Mdogo wake alisimama mlangoni, hakuthubutu kumsindikiza.