Kero Yangu Kwenye Kikao cha Wamalaysia

Nilipompokonya mheshimiwa maiki alikuwa anasema "na la mwisho kabisa", na hilo la mwisho alishalisema mpaka likazaa wajukuu, huku mwanangu Nasra analia njaa kiunoni kwangu, anatafuna kibendera cha nchi isiyo yetu. Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia. Aibu iliyofuata, jamani, mpaka leo nikikutana na mtu kwenye lifti ya jengo letu natazama viatu vyangu.

Ilikuwa hivi. Jirani yangu wa mlango wa pili ni Salmah, Mmalaysia, anauza mitandio ya jumla kule soko la Liuhua. Kwao uchaguzi umekaribia, na viongozi wawili wa vyama vinavyopingana walikuja huku Guangzhou, China, kwa maonyesho ya biashara, basi Wamalaysia wa hapa wakawaandalia kikao kwenye ukumbi wa mgahawa wa halali ili wawaulize maswali. Salmah alikuwa na swali moja tu. Uchaguzi uliopita karatasi yake ya kura ilitumwa kwa posta, ikamfikia washindi wameshaapishwa. Alitaka kujua kama safari hii atapiga kura kweli au ataletewa tena kumbukumbu. Wiki nzima alilifanyia mazoezi jikoni kwangu, kwa Kiingereza chetu cha sokoni, maana akisimama mbele za watu sauti inamkimbia.

"Mama Nasra, nisindikize," akasema. "Nikikuona tu nitapata moyo."

Nikakubali, na hapo ndipo nilipoanza kuharibu: sikupika. Mimi mtoto wa Temeke, najua kampeni ni kampeni, kiongozi akija kwa wapiga kura kuna pilau, kuna khanga, ukibahatika na fulana ya mume (wangu siku hiyo alikuwa mji wa Shiling kufuata mabegi ya kuuza, kwa hiyo hakuna wa kunizuia). Nikamkataza Nasra hata biskuti, aache nafasi. Mwenyewe nikabeba mfuko mkubwa, ule wa mzigo. Usicheke, hata wewe ungebeba.

Mlangoni tukapewa chupa ya maji na kibendera. Basi.

Mbele walikaa waheshimiwa wawili, mmoja ana kofia, mwingine ana miwani, na Salmah akawa ananitafsiria sikioni.

"Wa kofia anasema wa miwani ni msaliti, alihama chama."

Baada ya hotuba ndefu kama foleni ya viza, akaniambia, "Wa miwani anasema wa kofia ndiye aliyeanza kuhama."

"Kwa hiyo wa kofia sasa yuko kwenye chama cha zamani cha wa miwani?"

"Ndiyo."

"Na wa miwani yuko cha wa kofia?"

"Ndiyo, Mama Nasra, nyamaza."

"Sasa wewe unachagua nini hapo?"

Akanitazama kama nimemkanyaga kwenye kidonda. "Sijui. Lakini hata nikikosea, nataka nikosee mimi mwenyewe."

Nikanyamaza. Nasra hakunyamaza. Nikambeba, nikamfuata laoban, bosi wa mgahawa, nikamwonyesha mdomo wa mtoto. "Meiyou," akasema, hakuna, mpaka hotuba ziishe. Nikageuka, namsikia wa kofia anaanza tena na la mwisho kabisa. Sasa kwetu kiongozi akija, mwenye kero ananyanyuka anaieleza, na mwenye mtoto hapangi foleni. Miguu ikaenda yenyewe mpaka mbele, mkono ukanyakua maiki.

"Mheshimiwa, kero yangu!" nikasema kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, kile cha kujibia mtihani. "Mmehamiana vyama kama wapangaji wanaokimbia kodi, mnaitana wasaliti tangu tumekaa, na hapa kuna watoto hawajala! Mtu anayeshindwa kumaliza hotuba atamaliza shida ya nani?"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mzee mmoja akapiga meza mpaka chupa ikaanguka. Wa kofia akatoa leso. Na mimi badala ya kukaa nikanogewa, nikauliza bei ya mchele, nikauliza barabara (ipi? sijui), nikashangiliwa, nikauliza na maji.

Mshereheshaji akaja anatabasamu. "Dada yetu ana moto! Unapigia kura jimbo gani?"

"Temeke."

Wakatazamana. Bibi mmoja akasema kwa kujiamini kwamba ni kule kwao Sabah, ndani ndani kabisa.

"Temeke ya Dar es Salaam," nikasema. "Tanzania."

Wakaangua kicheko, na si kicheko cha kistaarabu. Wa kofia na wa miwani walishikana mabega, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana siku ile. Mshereheshaji akafuta machozi, akatangaza kwamba muda wa maswali umekwisha, chakula karibuni.

Nikamwona Salmah. Alikuwa amesimama, mkono juu. Akaushusha taratibu, akakaa.

Wali na kuku vikaja, Nasra akala kama mpasua kuni, mimi nikamsogezea Salmah sahani yangu.

"Salmah, nisamehe."

"Wamecheka vizuri," akasema. "Sasa nani anakumbuka kuna mtu amebaki na swali?"

Nimekoma kupeleka njaa yangu kwenye kero ya mtu. Nikamwendea mshereheshaji, akaniambia kwa tabasamu kuwa mwenye malalamiko aandike, akanisukumia karatasi akijua sitaandika. Nikaandika:

"Kwa waandaaji wa kikao. Mimi ni Mama Nasra, Mtanzania, kwenu sina kura. Nawalalamikia watu wawili, mimi na mshereheshaji wenu. Mimi nimetumia nafasi isiyo yangu. Yeye ameifunga huku anamwona mwenye nafasi amenyoosha mkono. Naomba maswali yangu yafutwe yote, la mchele na la barabara pia. Salmah aulize la kwake, na waheshimiwa wote wawili wamjibu, mmoja mmoja, bila kutajana. Mimi na Salmah tumehamishia viti vyetu mlangoni. Mlango wa kutokea ni huu mmoja tu, na mimi si mwembamba."